Chuma cha Kuwaitia Mamba

Tangu nistaafu nalala mlango ukiwa wazi. Mke wangu anasema baridi ya Mlalo haina heshima kwa wazee, tena kuku wanaingia. Nimemwambia mtu ambaye kichwa chake kilifungiwa ndani ya kofia ya shaba kwa nati, mwaka baada ya mwaka, fungu lake la kufungiwa limekwisha. Tumepatana mlango nusu. Kuku wanaingia vilevile.

Ninyi vijana wa mabwawa mliokuja kuniaga mliniambia, "Mzee Yohana, tuandikie." Haya, naandika. Mjue tu kwamba shule yangu ni darasa la pili pale misheni. La tatu nililiona dirishani nikipeleka kuni za mwalimu. Herufi zikipinda zinyoosheni wenyewe. Vyeo sitaviandika, maana maji hayajawahi kuniuliza cheo. Nitaandika nilivyoingia kazini, na nani alinifundisha, kisha ile habari ya bwawa la mpunga kule chini ya Mombo, ambayo kila mmoja wenu ameisikia kwa mtu ambaye hakuwepo.

Niliingia kazini Uhuru ukiwa bado mbichi. Nilishuka Mombo na lori, nimebeba matenga ya plamu za mjomba. Joto la bondeni mnalijua. Nusu niliuza, nusu ikageuka uji kabla ya saa nane, na mjomba hakuwa mtu wa kurudishiwa uji. Nikawa nazungukazunguka nikitafuta uongo mzuri, ndipo nikaona watu watano wamekaa juani kwenye benchi, kila mmoja amefunikwa debe kichwani. Mbele yao mzee mmoja mwembamba, kanzu na koti, anakunywa kahawa.

Huyo ndiye Fundi Athumani, mtu wa Tanga, aliyekuwa amepiga mbizi bandarini miaka mingi na sasa alitafuta watu wa kusafisha mabwawa ya bara. Nilimwamkia shikamoo, nikauliza hao wamekosa nini.

"Wanaomba kazi," akasema. "Wewe watoka wapi?"

"Mlalo."

"Mshambaa. Wajua kuogelea?"

"Hapana, Fundi. Kwetu maji yanafika magotini, na ni ya baridi."

"Vizuri. Anayejua kuogelea akishtuka hutaka kupanda juu. Mimi natafuta anayejua kutembea." Akanipa debe.

Wenzangu walikuwa wanayatupa madebe mmoja mmoja, wakitoka na macho mekundu. Mimi nilikuwa sijalala tangu usiku wa kupakia plamu. Ndani ya debe kuna giza na pumzi yako mwenyewe inakurudia usoni, kama umelala na ndugu yako kitanda kimoja. Nikasinzia. Fundi aliponigonga debe kwa kijiko, kazi ilikuwa yangu. Ndivyo nilivyoajiriwa, vijana: kwa usingizi. Ninyi mmefanya mitihani.

Sasa vifaa. Nguo ya mpira na turubai, mtu mmoja hawezi kuivaa bila msaada. Viatu vyenye soli za risasi, ile risasi ya kuyeyusha, si ya bunduki. Nilimwandikia mama kwamba nimepewa viatu vya risasi akaenda kwa mchungaji niombewe. Kofia ya shaba yenye vioo vitatu. Bomba la hewa, na juu pampu yenye magurudumu mawili, inayozungushwa na watu wawili bila kusimama. Wangu walikuwa Hoza na Singano. Hewa unayovuta kule chini imepita mikononi mwao, na nawaambieni, nilijua walichokula. Siku ya vitunguu nilikuwa nalia ndani ya kofia.

Halafu kamba ya kiunoni. Hii ilishikwa na Fundi mwenyewe, hakumwachia mtu. Ukivuta mara moja, niko salama. Mara mbili, hewa haitoshi. Mara nne, nipandishe. Naye akivuta nne, maana yake njoo.

"Na mara tatu, Fundi?"

"Tatu hatuna. Mtu mwenye hofu hahesabu sawasawa. Kati ya mbili na nne lazima pabaki nafasi ya kukosea."

Hilo lishikeni. Nimeona kazi zenye vitabu vizima vya usalama ambavyo havikuacha nafasi ya kukosea.

Kushuka kwa mara ya kwanza sitaki kukuza. Maji ya mabwawa yetu ni ya udongo mwekundu wa milimani. Mwanga unakwisha ukiwa bado unaushika ubao wa ngazi. Baada ya hapo macho ni mzigo tu, unafanya kazi kwa mikono. Nilipofika chini nikasimama, matope yakanipokea mpaka vifundoni, nikasikia pampu juu kama mtu anayekoroma chumba cha pili. Nikanyoosha mkono kutafuta ukuta. Huko chini kila unachokigusa kinakuja mkononi kabla ya jina lake. Unagusa kitu, halafu unangoja kujua ni nini. Tawi, jiwe, mfupa wa ng'ombe. Kazi yenyewe ni huko kungoja, hata leo siwezi kuieleza zaidi.

Tulizunguka mabwawa mengi, mengine hata majina sikuyashika. Mara moja tulikaa wiki mbili karibu na Bumbuli na tukanyweshwa chai hadi nikawa siisikii ladha. Lakini nisipotee. Likaja Azimio, vikaja vijiji vya Ujamaa, na pale bondeni watu wakahamishiwa kijiji kipya, nyumba zimepangwa mistari kama kaburini, nisameheni, ndivyo zilivyoonekana kutoka juu ya tuta. Mto ukazibwa juu ya kijiji kwa tuta la udongo, ili mpunga wa pamoja upate maji. Katikati ya tuta pakawekwa lango la chuma, na mbele yake chekeche la nondo la kuzuia magogo. Chekeche likijaa takataka, maji hayatoki. Kazi yetu ilikuwa kulisafisha.

Mto ule ulikuwa na mamba tangu zamani. Tulipouziba tukawajengea nyumba.

Walikuwa saba. Mkubwa wao tulimwita Mwenyekiti, kwa sababu hakuna mwingine aliyegusa chakula kabla yake. Mwenyekiti wa kijiji alipopata habari hakukasirika. Aliuliza tu kama huyo mwenzake anahudhuria.

Mtu wa kwanza kutumwa kusafisha chekeche lile, kabla yetu, alikwenda na panga bila nguo wala kamba. Panga liliokotwa.

Ndipo Fundi Athumani akasema tutafanya kama bandarini. Alinisimulia kwamba meli ilipokuwa ikisafishwa tumbo, mpishi wa meli alikuwa akitupa makombo saa sita kamili upande wa pili, papa wakaenda kukusanyika huko, naye akafanya kazi upande wake kwa amani. "Nilikuwa nawaona wakinipita," akasema. "Hawakuwa hata wakinitazama. Wanapita chini ya meli, mmoja nyuma ya mwingine, kama vibarua waliosikia king'ora."

"Na siku mpishi akiumwa?"

"Siku hiyo nilikuwa nafua nguo."

Kwetu mpishi akawa Bi Zaina. Alikuwa mjane wa mchinjaji, Mzigua wa hapo hapo bondeni, mwanamke mfupi mwenye mikono ya kiume, anayekutazama kama anakupima kilo. Matumbo na vichwa vya machinjioni alivipeleka kwa mkokoteni hadi kwenye kidaka cha juu cha bwawa, pale maji yalipoingia ndani ya ukingo kama ghuba ndogo, mbali na lango kama viwanja viwili vya mpira. Hapo aligonga debe, akatupa nyama. Mamba walijua. Walipofika aliwahesabu, kisha akainua kitambaa cheupe, mara moja kwa kila mamba. Fundi akiwa juu ya tuta anahesabu vitambaa. Saba, nashuka. Sita, sishuki, hata kama mkuu wa wilaya amesimama hapo na saa mkononi. Mara moja alisimama kweli. Sikushuka.

Nyama alikuwa akiitupa kidogokidogo, ili niwahi kumaliza. Yaani maisha yangu yote yalikuwa katika mkokoteni wa Bi Zaina na hesabu yake. Nilimwambia hivyo siku moja.

"Basi niombee macho," akasema, "uache kunihadithia plamu zako zilizooza. Nyie watu wa juu baridi imewagandisha kichwa. Mtu gani mwenye akili anaingia kwenye chungu akijua wenye nyumba wanakula chumba cha pili?"

Niseme ukweli, kwa kuwa sasa hakuna wa kunifukuza. Nilipenda. Mke wangu asisome hapa. Watu walikuwa wakishuka hata kutoka Lushoto mjini kuja kutazama ulishaji, wanakaa kwenye tuta na karanga, mamba wanageuka majini wakirarua, nami nimesimama nikivalishwa nguo. Mwili wote unaniamka. Nikiwa chini, kila walipogeuka kule juu, nilihisi maji yakinisukuma kidogo tumboni, polepole, kama mtu anayepita nyuma yako kanisani. Najua wako saba, najua wanakula, najua hawanijui. Nikitoka nilikuwa nacheka bila sababu, nakula sahani tatu za makande. Fundi alinitazama akasema, "Hiyo raha unayoisikia si yako. Umepewa na yule anayewalisha mamba." Sikumwelewa, nikaomba sahani ya nne.

Sasa nifike kwenye kosa, na kosa ni langu.

Debe lilikuwa na sauti ndogo. Upepo wa bondeni ukivuma halikusikika, mamba walikuja mmojammoja, hesabu ikachelewa, na mimi nimekaa juani ndani ya nguo ya mpira natoka jasho mpaka linajaa viatuni. Nikachoka. Lango lilipojengwa mafundi waliacha mabaki kando ya tuta, vipande vya chuma kile kile cha lango, vinene. Nikachukua kimoja kirefu, nikakitoboa, nikakitundika kwa mnyororo kwenye nguzo mbili pale kidakani, sehemu yake ya chini ikiwa imezama majini ili sauti iende mbali. Bi Zaina alikigonga kwa nyundo mara tatu. Hata sisi tuliokuwa kwenye tuta tulikisikia kwenye meno. Hazikupita wiki mbili, mamba wote saba wakawa wanatokea kabla hajaishika nyama.

Nilisifiwa. Hata Fundi alinipa mkono. Kwa miaka miwili tulitumia chuma kile, mara tatu kila kulisha, na haikuchelewa hesabu hata siku moja. Na katika miaka hiyo miwili kule chini mimi nilitumia mikono, msumeno na panga. Nyundo sikuishusha majini hata mara moja, kwa sababu haikuhitajika. Nataka mlikumbuke hilo mnaponicheka.

Mwaka wa mavuno makubwa, masika ilishuka kutoka milimani kama ina ugomvi na mtu. Mpunga wa kijiji ulikuwa umeshakomaa, wa kwanza kuwa mzuri tangu wahamie. Maji yakapanda bwawani siku tatu. Siku ya nne asubuhi yalikuwa yamebakiza kiasi cha urefu wa jembe kufika juu ya tuta. Tuta la udongo likipitiwa na maji juu yake halidumu hata saa moja, na chini yake ziko zile nyumba za mistari. Watu wazima wote walikuwa juu, wake kwa waume, wanajaza udongo kwenye magunia. Wazee na wagonjwa walikuwa bado wanabebwa kupelekwa mlimani. Lango likagoma. Gurudumu la kulinyanyulia lilizungushwa na watu wanane, halikusogea. Gogo lililoruka chekeche lilikuwa limelipiga, pini mbili zinazolishika pembeni zimepinda, na pini haziwezi kutolewa ila kwa nyundo, kutoka ndani ya maji.

Fundi akaniita pembeni. "Chini kuna mikondo leo. Nisingekutuma."

"Lakini unanituma."

"Nakuuliza."

Nikatazama zile nyumba. Nikamwambia anifunge kofia.

Kidakani Bi Zaina aligonga chuma mara tatu. Nilisubiri, ukungu umetanda juu ya maji, kitambaa kinaonekana kwa shida. Fundi akahesabu kwa sauti, taratibu. Moja. Mbili. Akafika saba. Akarudia kuuliza kwa kuinua mkono, kitambaa kikarudia saba. Nikashuka.

Pima nne kwenda chini. Mkondo ulinibana kwenye chekeche, nikatambaa kwa mikono hadi pembeni ya lango, kwenye nafasi iliyoachwa ya mpiga mbizi kupitia, nikaikuta pini ya kulia. Nikaifungua nyundo kiunoni. Kupiga nyundo majini ni kama kupiga ndotoni, mkono hauendi, lakini kichwa cha nyundo kilikuwa kizito. Nikagonga. Lango zima likaitika. Nilihisi mlio kwenye magoti. Nikagonga tena na tena, hadi pini ikatoka na kuanguka kwenye matope. Nikahamia kushoto. Hiyo ilikuwa imekaza kuliko ya kwanza. Nikagonga, nadhani, mara kumi.

Nilipopumzisha mkono, nikasikia mtu mwingine anagonga.

Mwanzo nilidhani ni mwangwi. Lakini mwangwi hupungua, na huu haukupungua. Ulikuja kutoka mbali ndani ya maji, mlio mmoja, nafasi, mlio mmoja. Kilikuwa chuma cha Bi Zaina. Na Bi Zaina hupiga mara tatu tu, kuita. Akishaita hapigi tena. Nikajiuliza anamwita nani.

Maji yakanisukuma mgongoni. Mara hii hayakuja kwa upole. Yalinisukuma kama lori linapokupita karibu pale kwenye kona za kupandia Lushoto, ukiwa umesimama ukingoni.

Ndipo nikajua. Chuma kile na lango hili vilitoka kwenye bamba moja, sauti yao ni moja. Kwa miaka miwili tuliwafundisha kwamba sauti hiyo ni chakula, nami nilikuwa nimeshuka na nyundo, nikajigongea mwenyewe.

Nikasimama kimya. Kamba ikavutwa kiunoni, moja, mbili, tatu, nne. Njoo. Nikavuta mara moja, niko salama, uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kumwambia mzee yule. Kupanda maana yake ni kuning'inia katikati ya maji kama utumbo kwenye ndoano, na wao wanatazama. Pia pini ilikuwa imeshatoka nusu. Nikanyoosha mkono wa kushoto nishike nondo ya chekeche, nisipepesuke.

Niligusa kitu kisicho nondo. Kilikuwa kigumu, chenye miiba butu iliyopangwa, kama ganda la fenesi. Nikangoja kujua ni nini, kama kawaida ya kazi, na nilipojua sikuuondoa mkono, kwa sababu mkono ukiondoka ghafla maji yanasema. Kikaanza kusogea. Kilipita chini ya kiganja changu polepole, mgongo, kisha mkia, na kilichukua muda mrefu kwisha. Ndani ya kofia kulikuwa na harufu ya muhogo wa kuchoma, ndio aliokula Hoza asubuhi, na nawaapia sijawahi kupenda harufu ya mdomo wa mtu kama siku ile.

Bi Zaina alikuwa bado anagonga. Mlio, nafasi, mlio. Hakuharakisha. Nikaanza kuhesabu nafasi zake, na ilinijia kwamba nikigonga pale pale anapogonga yeye, sauti yangu itaingia ndani ya yake. Sikujua kama mamba wanaweza kudanganywa hivyo. Hata leo sijui. Nikainua nyundo, nikangoja. Alipogonga, nikagonga. Nikangoja. Alipogonga, nikagonga. Tukaenda hivyo, mimi na mwanamke ambaye simuoni, kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja. Mara mbili zaidi maji yalinisukuma. Sikugeuka. Ndani ya kofia kugeuka hakusaidii.

Pini ikatoka. Nikavuta kamba mara nne.

Kule juu, kama nilivyosimuliwa, mambo yalikuwa hivi. Nilipopiga nyundo ya kwanza mamba waliacha kutafuna. Nilipohamia pini ya pili waligeuza vichwa vyote kuelekea lango, wakazama mmoja mmoja, nyama imeelea. Bi Zaina hakupiga kelele, maana upepo ungeila. Alikishika chuma akapiga, akamwaga mkokoteni wote, na walipoanza kurudi kwa kusitasita akamkamata beberu wake mwenyewe aliyekuwa amefungwa kwenye nguzo, akamtupa mzima. Kisha akashika nyundo kwa mkono mmoja na kitambaa kwa mwingine. Fundi akahesabu. Sita. Akahesabu tena. Sita. Ndipo alipovuta mara nne.

Walinitoa, wakanifungua kofia, na kabla sijakaa vizuri watu wanane walikuwa kwenye gurudumu. Lango likapanda. Maji yalitoka chini ya tuta kwa mngurumo uliotikisa magunia, yakaingia mfereji mkuu, na watu wakapiga vigelegele. Fundi hakupiga. Alinishika uso kwa mikono miwili kama mwanawe, kisha akanizaba kofi. "Hilo ni la kamba," akasema. "Niko salama, niko salama. Mshambaa mwongo."

Sasa sikilizeni hapa. Maji yaliyotoka yalibeba samaki. Watu waliokuwa wakilia asubuhi wakaingia mferejini na matenga, maji yako mapajani, wanacheka. Na Bi Zaina kule kidakani alikuwa bado anagonga.

Nikavua viatu vya risasi, nikamwendea nikikimbia juu ya tuta na nguo ya mpira inanibana. Nilimkuta mikono imechubuka, mpini wa nyundo umelowa damu.

"Bi Zaina, nimetoka. Inatosha."

"Wewe nimekuona," akasema, hakusimama. "Mwenyekiti simuoni. Lango lipo wazi."

Nikaelewa: nafasi niliyopitia mimi kando ya chekeche, hata yeye angepita akateremkia mferejini. Nikamtuma Singano, aliyekuwa amenifuata, akawatoe watu mferejini. Jioni alinisimulia walivyomjibu.

"Na samaki nao ni wa mradi?"

"Tokeni, kuna mamba!"

"Mamba mmewalisha ninyi wenyewe, wameshiba. Tuacheni na sisi tushibe."

Huo ndio usalama tuliowafundisha watu kwa miaka miwili. Wengine walitoka, wengine wakabaki, na mimi niliyewaletea mamba sikuwa na neno la kuwatoa. Nikaichukua nyundo kwa Bi Zaina nikagonga badala yake, nafasi yake ile ile, naye akashika kitambaa na kutazama maji. Nilipoanza kuharakisha, akanikemea, "Sawasawa. Usimkimbize." Sijui tuligonga kwa muda gani. Ukungu uliinuka, jua likatoka, watu walijaza matenga yao mferejini na kuyajaza tena.

Akatokea karibu na miguu yetu. Hatukumwona akija. Yalikuwepo maji, kisha yakawepo macho. Bi Zaina akashusha kitambaa.

"Saba," akasema.

Mkokoteni ulikuwa mtupu, beberu alishakwisha. Mwenyekiti akangoja. Bi Zaina akamtazama, akajifuta mikono kwenye kanga, akamwambia kwa adabu, kama unavyomwambia mgeni aliyefika vyungu vimeoshwa: "Kesho."

Hakuna aliyeliwa mferejini siku ile, na mpunga ulivunwa. Nilimweleza Fundi jioni hiyo habari ya chuma, nani alikikata na kutoka wapi. Akasema alikigusa mwenyewe mara nyingi na hakufikiri. Tukakifungua, tukakifukia.

Kesho yake chekeche lilikuwa limejaa magogo ya mafuriko, lango likashindwa kushuka, nami nikavalishwa nguo. Bi Zaina alipeleka nyama kidakani na kugonga debe, lile la zamani. Tukangoja kitambaa. Hakukiinua. Aligonga tena, akangoja, kisha akauacha mkokoteni na kuja kwa miguu juu ya tuta, taratibu, mpaka tulipokuwa.

"Kule hakuna hata mmoja," akasema.

Tukasogea ukingoni, Fundi, yeye na mimi na kofia yangu mkononi. Maji yalikuwa yametulia. Walikuwa pale chini ya ngazi yangu, wote saba, wamejipanga, vichwa vimeelekea lango. Hawakututazama. Mwenyekiti alikuwa mbele, pua yake inagusa chuma, kama anayengoja kigongwe.

Hoza, aliyekuwa anaijaribu pampu, akaacha. Fundi Athumani akapiga magoti mbele yangu, mzee yule, akaanza kunifungua kamba za viatu.

"Vua," akasema.

Nikavua.